Neno "Bomba"

Ninyi mlio darasani hapa Nyegezi, sogeeni karibu na redio, maana upepo wa ziwa una makelele.

Mkulima mmoja wa pamba, mwanafunzi wa darasa la jioni, aliandika barua yake ya kwanza bila kusaidiwa na mtu. Wadudu walikuwa wamekwisha ingia shambani mwake. Aliandika: "Naomba niletewe bomba moja, upesi." Siku ya tisa akaletewa kipande kirefu cha bomba la maji! Alikuja kwangu na nakala ya barua. Hapakuwa na herufi hata moja iliyokosewa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyemfundisha, kwani nilimfundisha herufi, sikumfundisha neno.

Basi neno hili limetoka wapi? Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, nao wakatolewa Mombasa mwaka 1698. Walituachia maneno kama meza, bendera, parafujo na bomba. Jirani zao, Wahispania, nao husema bomba. Kwao wote ni chombo cha kuvuta maji na kuyasukuma, kama kile cha kutoa maji yaliyoingia merikebuni. Lakini bomba kwao ni pia kitu cha kulipuka vitani. Sisi hicho tunakiita bomu.

Kwetu neno limetanuka. Chombo cha kuvuta maji ni bomba, na mwanzi wa chuma yanamopita maji ni bomba vile vile. Hata mwanzi wa kutolea moshi ni bomba, ingawa hausukumi kitu. Vijana nao husema kitu kizuri ni "bomba". Hilo msiliandike katika barua ya serikali.

Kwa hiyo tazameni neno dogo linalofuata: bomba la maji, bomba la moshi, bomba la sindano, bomba la kunyunyizia dawa. Hili la mwisho, nawasihi, lisitiwe maji ya kunywa kamwe, hata likioshwa mara kumi.

Mkulima wetu aliandika tena: "Naomba bomba moja la kunyunyizia dawa ya pamba, la kubeba mgongoni." Lilifika, lakini pamba ya upande wa bondeni ilikuwa imekwisha liwa.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni sentensi yake ya pili, polepole, nami nitaisoma mara mbili.