Rangi Isiyoogopa Petroli
Hotuba kwa wanachama wa tawi la karakana



Tumeombwa na tawi tuseme habari ya rangi ya pikipiki. Huenda mtu akauliza: chama cha wafanya kazi na rangi ya pikipiki, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT katika pikipiki zenye injini ndogo, na tangu wakati huo pikipiki zimejaa kila mtaa. Wengi wetu tunazo. Wengine huja nazo kazini, wengine wamempa kijana wa nyumbani afanye bodaboda ili mshahara upate mwenziwe. Tena katika karakana na vibanda vya jua kali wako ndugu zetu ambao kazi yao ni kupuliza rangi hizo. Basi habari hii ina pande mbili: fedha ya mwenye pikipiki, na kifua cha fundi. Yatupasa kuzisema zote mbili.

Tuanze na tangi. Mtu ajaza petroli kituoni, na matone mawili matatu yamwagika kando ya kifuniko. Apangusa kwa kitambaa, na kitambaa chatoka na rangi. Haupiti muda, pale penye kifuniko rangi yakunjamana, kisha yabanduka, kisha kutu yaingia. Mwenye pikipiki amlaumu fundi, na fundi amlaumu mwenye duka. Lakini mara nyingi kosa si la mkono, ni la aina ya rangi iliyochaguliwa.

Rangi ziuzwazo madukani twaweza kuzigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile zinazokauka kwa thina kuruka tu. Makopo mengi ya kupuliza ya bei rahisi ni ya namna hii. Fungu la pili ni rangi ya mafuta, ile tupakayo milango na madirisha, ambayo hukauka polepole kwa kushikana na hewa. Fungu la tatu ni rangi ya makopo mawili: moja lina rangi, na la pili lina dawa ya kukazia, ambayo mafundi huiita hadina.

Tofauti yake ni kama ya tofali bichi na tofali la kuchoma. Tofali bichi likikauka juani huonekana gumu, lakini mvua ikilipiga hurudi kuwa matope. Tofali lililochomwa limegeuka kabisa, wala maji hayalirudishi nyuma. Rangi ya fungu la kwanza ni tofali bichi: ilikauka kwa thina kuiacha, na petroli ikiigusa huilainisha tena. Ile ya mafuta ni ngumu kidogo kuliko hiyo, lakini petroli ikikaa juu yake huivimbisha na kuikunja. Rangi ya hadina ndilo tofali la kuchoma. Ikiisha kukaza, petroli ya kumwagika haiiwezi.

Sasa tuangalie sehemu moja moja.

Tangi na vifuniko vya pembeni: praima ya epoksi chini, rangi juu yake, na mwisho vanishi safi ya poliurethani yenye hadina. Epoksi peke yake haifai kuwa ya juu, kwa maana jua huichakaza mpaka ikatoa unga kama chaki. Mpulizaji asiache ukingo wa mdomo wa tangi bila vanishi, kwa kuwa hapo ndipo petroli inapoanza kupenya.

Fremu na rimu za chuma: rangi hiyo hiyo yafaa, au ile ya unga inayookwa katika tanuri kwa joto la kiasi cha digrii 180 hadi 200. Ni imara sana, lakini kila kitu cha mpira au plastiki kiondolewe kwanza.

Injini na ekzosi: hapa twataka rangi ya kuvumilia moto. Kumbukeni kwamba rangi nyingi za ekzosi hazikazi mpaka zipashwe moto kama kopo linavyoagiza. Kabla ya hapo petroli huziondoa kwa urahisi.

Kabureta, na ndani ya tangi: msipake rangi ya kawaida kabisa. Itabanduka, na vipande vyake vitaziba jeti. Kama tangi lina kutu ndani, iko dawa maalumu ya kuzibia matangi ya petroli, nunueni hiyo.

Na kwa rangi yoyote, kiasi cha hadina kipimwe kama kopo linavyosema. Kuzidisha hakuleti ugumu zaidi, na kupunguza huacha rangi laini siku zote. Kisha subirini. Rangi ya hadina huweza kushikwa kesho yake, lakini kukaza kabisa huchukua siku kama saba, na wakati wa baridi zaidi. Asiyeamini rangi aijaribu kwanza juu ya kipande cha bati: apake, angoje wiki, aweke kitambaa cheupe chenye petroli juu yake kwa dakika chache, kisha asugue. Kitambaa kikibaki cheupe, na rangi isilainike chini ya ukucha, rangi hiyo yafaa.

Kabla ya kupiga msasa, tangi litolewe katika pikipiki, limwagwe petroli yote, lioshwe kwa maji na sabuni mara kadhaa. Tangi tupu lisilooshwa ni hatari kuliko lililojaa, maana limejaa mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukakuta jiko au cheche ya mashine. Asije mtu na sigara wala mashine ya kuchomelea.

Ndugu wanachama, sasa twafika penye neno lenyewe. Hadina ya poliurethani ina kemikali iitwayo aisosianeti. Ndiyo inayoipa rangi nguvu mbele ya petroli, na ndiyo inayoharibu kifua cha mpulizaji. Huleta pumu. Dalili zake ni kifua kubana, kukohoa, na pumzi kupiga filimbi, mara nyingi jioni au usiku baada ya kazi. Ukiona wapata nafuu siku za mapumziko na kuumwa tena ukirudi kazini, nenda kwa daktari, umwambie unapuliza rangi gani. Mwili ukiisha kuikataa kemikali hii, hata kiasi kidogo huleta shambulio, na fundi huyo huenda akaiacha kazi aliyoisomea.

Barakoa ya kitambaa au ya karatasi huzuia vumbi tu. Mpulizaji wa rangi ya hadina apewe kofia ya kuletewa hewa safi kwa mpira, glavu, na chumba chenye feni ya kutoa hewa. Wala asiivue kofia mara tu anapoacha kupuliza, kwa kuwa ukungu usioonekana hubaki chumbani. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 24 Agosti 2023, mfanya kazi haruhusiwi kutumia vitu vyenye zaidi ya sehemu 1 katika 1,000 ya kemikali hizi bila kufundishwa kwanza. Mapafu yetu si ya chuma kuliko yao.

Hapa Kenya tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inampasa mwajiri kulinda afya ya wafanya kazi wake. Mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Na mfanya kazi akiona hatari kubwa, amjulishe msimamizi wake mara moja. Mpaka hatari iondolewe, mwajiri hana ruhusa ya kuwarudisha watu pale. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahusu magonjwa yaletwayo na kazi pia, si kukatwa vidole tu.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Mwenye pikipiki, usipake rangi ya hadina uani kwako, watoto wakicheza karibu. Ipeleke kwa fundi mwenye chumba na kofia ya hewa, wala usimbane bei mpaka akaiacha kofia ukutani. Na wewe fundi, kama huna vifaa hivyo, usiikubali kazi peke yako na kunyamaza. Mlete mjumbe wako, na neno lifike katika kamati. Tangi likiharibika hupakwa tena. Kifua hakipakwi.

 Umoja ni nguvu.