Dundu wa Mavi na Malisho Yetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nangwa)



Tulipoombwa kusema neno katika mkutano huu, pengine wengi wenu mlitazamia habari za mishahara au za likizo. Habari hizo zina wasemaji wake. Sisi tumechagua kusema juu ya mdudu, tena mdudu asiyetajwa watu wakiwa mezani: dundu wa mavi, yule mweusi afingirishaye tonge la kinyesi kwa miguu yake ya nyuma. Twawaomba msicheke mpaka tumalize, kwa maana wengi wetu, ingawa twashinda mbele ya majalada, tuna ng'ombe nyumbani, na habari hii yawahusu.

Hapa Nangwa, chini ya mlima Hanang, mvua zikianza kulainisha ardhi ndipo dundu hutoka kwa wingi. Wataalamu huwagawa makundi matatu kwa kadiri ya desturi zao. Wa kwanza ni wafingirishaji, ambao hukata tonge, hulipeleka mbali, kisha hulifukia. Wa pili ni wachimbaji, ambao huchimba mashimo chini ya mavi na kuyashusha humo. Wa tatu hukaa na kuzaa ndani ya mavi yenyewe. Wakiwa wengi, kazi yao ni ya ajabu. Mabwana Anderson na Coe, waliofanya uchunguzi katika mbuga ya Tsavo nchini Kenya, waliandika mwaka 1974 kwamba dundu 16,000 walilijia lundo la mavi ya tembo la uzito wa kilo 1.5, na kwa muda wa saa 2 lundo zima likawa limeliwa, limefukiwa au limechukuliwa.

Mfingirishaji huenda kwa njia iliyonyoka, kwani akizunguka na kurudi lunduni, wenzake watamnyang'anya tonge lake. Mchana huongozwa na jua, na usiku na mwezi. Usiku usio na mwezi je? Mwaka 2013 Bibi Marie Dacke na wenzake walitoa habari ya majaribio yao ya Afrika Kusini: wako dundu waongozwao na ule ukanda mweupe wa nyota uitwao Njia ya Maziwa. Walipovikwa vikofia vya kuwaziba macho wasione mbingu, walipotea njia.

Sasa tuangalie uzazi wao, maana ndipo ulipo moyo wa maneno yetu. Dume na jike wakiisha kufukia mavi, jike huyafinyanga upya yawe tonge la uzazi, mara nyingi mfano wa pea, na katika kila tonge hutaga yai moja tu. Yai likianguliwa, buu hula tonge kwa ndani, na ukuta wake ukipasuka huuziba kwa kinyesi chake mwenyewe. Hatimaye hulala kimya, hugeuka umbo, akawa dundu kamili, kisha hungoja mvua ilainishe udongo apate kutoka. Katika baadhi ya aina kubwa, mama hakai na watoto wengi: hulea mmoja au wachache tu kwa uzazi mmoja, akilinda matonge yake chini ya ardhi siku nyingi. Nzi wa nyumbani hutaga mayai 100 na zaidi kwa mara moja. Basi fikirini wenyewe: nzi wakiuawa leo, baada ya majuma machache wamerudi, lakini dundu wakipungua, kujaza nafasi zao ni kazi ya muda mrefu.

Nchi ya Australia ilijifunza thamani ya mdudu huyu kwa kumkosa. Ng'ombe walifikishwa huko mara ya kwanza mwaka 1788, lakini dundu wa nchi ile walizoea vinyesi vidogo vikavu vya kangaruu, na mavi ya ng'ombe wengi wao hawakuyaweza. Mavi yakakauka juu ya majani, malisho yakafunikwa, na nzi wakazaliana humo. Bwana George Bornemissza, mtu wa Hungaria aliyehamia huko, akashauri waletwe dundu kutoka ng'ambo. Kati ya mwaka 1968 na 1984 aina 43 ziliachiliwa, nyingi zikiwa zimetoka Afrika, na 23 zikastawi. Ili magonjwa ya mifugo yasiingie, walipeleka mayai tu. Wakayaosha kwa dawa, wakayatia mojamoja katika matonge ya mavi yaliyofinyangwa kwa mikono. Mabwana, watu hao walikuwa watumishi wa serikali kama sisi! Kazi ambayo dundu wetu huifanya bila kuombwa, wao waliigharimia kwa miaka mingi.

Hapa yatupasa kuungama kosa letu. Miaka miwili iliyopita tulituma fedha nyumbani ili ng'ombe wote wa baba yetu mkubwa wapigwe sindano ya minyoo na kupe kwa siku moja, mwanzo wa mvua, tukajiona watu wa maendeleo. Tuliporudi kwa likizo mwaka uliofuata, mzee alitupeleka malishoni, akageuza mavi makavu kwa fimbo yake. Yalikuwa kama sahani, na chini yake majani yamekuwa manjano. Akasema, "Mwanangu, wale waliokuwa wakifukia hapa wamekwenda wapi?" Hatukuwa na jibu. Hatuwezi kuapa kwamba sindano ndiyo sababu pekee, maana mvua nazo zilichelewa. Lakini swali lake lilitufanya tusome.

Tuliyoyasoma ni haya. Dawa iitwayo ivermektini ni dawa njema. Imeponya wanyama wengi, na wanadamu pia, hata waliovumbua asili yake, Mabwana Campbell na Ōmura, walishiriki tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa hiyo haiishii mwilini mwa ng'ombe. Sehemu kubwa hutoka katika mavi, na kwa siku nyingi baada ya sindano yaweza kuwaua mabuu wa dundu ndani ya matonge yao. Mama amechimba, amefinyanga, ametaga yai lake moja. Kumbe amemwandalia mwanawe sumu.

Basi twashauri mambo matatu. Kwanza, tusitume fedha za dawa kabla ya kumwuliza bwana mifugo ni ng'ombe gani walio wagonjwa kweli. Pili, kama hali yaruhusu, tusidunge kundi zima kwa siku moja katika majuma ya mvua za kwanza, wakati dundu wanapozaa. Tatu, tumwulize kama iko dawa nyingine ifaayo; kwa mfano zile za kunywesha za jamii ya albendazoli zimeonekana kuwa na madhara madogo kwa dundu.

Wazee wetu wa Kiiraqw wa nyanda za juu za Mbulu walilaza ng'ombe ndani ya nyumba na kupeleka samadi mashambani, kwa kuwa walijua kwamba mavi ni mali. Na Wabarabaig, wachungaji wa tambarare hizi, waliishi kwa majani. Wote walisaidiwa na mfanyakazi huyu ambaye jina lake halimo katika orodha yo yote ya mishahara. Sisi tulioelimishwa tusiwe watu wa kwanza kumfukuza kazini kwa kutojua.