Sinia la Mgeni Litoke Shambani Kwetu

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo hatukuja na mambo ya mbolea wala ya vyoo. Tumekuja kuzungumza juu ya sinia la wageni. Wengine mtacheka: ati hata hilo nalo lina somo? Ndiyo, lina somo, na sisi wenyewe tulilipata kwa aibu.

Siku moja tulitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja. Tulikuwa wageni 6. Tukaketishwa mezani, tukaletewa soda na biskuti za dukani. Tulikunywa, tukala, tukashukuru, tukaenda zetu. Mwezi uliofuata tulirudi kukagua daftari. Wanakisomo 11 hawakuwa nazo. Tulipouliza sababu, watu wakatazamana. Mwishowe mama mmoja akasema, "Mwalimu, fedha za daftari mlizinywa ninyi."

Hatukuwa na la kujibu. Na siku ile tulipokuwa tunakunywa soda, nyuma ya darasa mapapai yalikuwa yanaiva na kuanguka, yanaliwa na ndege.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji akiingia deni kwa ajili ya mgeni, amepona nini? Basi tulikaa na darasa lile tukapatana: tangu sasa mgeni ale kilichomo kijijini. Tukapanga hivi.

Kwanza, hesabu. Tuseme wageni ni 20. Kila mmoja apate vipande 2 vya kiazi kitamu, ndizi mbivu 1 na nusu ya chungwa. Hivyo ni vipande 40, ndizi 20 na machungwa 10. Kiazi kimoja kikikatwa vipande 4, viazi 10 vinatosha. Nyumba 10 zikigawana, kila nyumba italeta kiazi 1, ndizi 2 na chungwa 1. Je, hapo kuna nyumba itakayofilisika? Nyumba ya kumi na moja ilete karanga za kukaanga, na ya kumi na mbili ilete papai.

Pili, kuchagua. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, tusizitie katika sinia. Zinaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tusimpe kuku karanga hizo, wala tusimwachie mtoto. Tuzifukie. Mhogo nao, uwe mtamu na uchemshwe. Mhogo mchungu usiotayarishwa vizuri una sumu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime walipooza miguu kwa kula mhogo wa namna hiyo siku nyingi mfululizo.

Tatu, usafi. Anayekata matunda anawe mikono kwa sabuni. Matunda yaoshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, maana kisu huingiza ndani uchafu wa ganda. Papai likatwe wageni wakiwa wamekwisha kufika, si alfajiri. Likikaa wazi na nzi wakatua, tutakuwa tumewakaribisha wageni kwenye kuhara. Tufunike sinia kwa kawa au kitambaa safi. Wageni nao wamiminiwe maji ya kunawa, kila mtu na maji yake. Kuchovya wote katika bakuli moja si kunawa, ni kugawana uchafu.

Nne, kupanga. Tutandike jani la mgomba lililooshwa. Bakuli la karanga likae katikati, pamoja na kijiko chake, ili mikono yote isiingie humo. Viazi na mihogo vikae upande mmoja, matunda upande wa pili. Wageni 20 wapate masinia 2, ili kila mtu afikie bila kumpita mwenzake.

Tulirudi darasa lile mara ya tatu. Sinia likaletwa, tukala tukashiba. Ubaoni palikuwa na hesabu ya viazi na ndizi, na aliyeiandika ni mama yule yule. Tukaomba kuona daftari. Kila mtu akainua ya kwake.

Ndugu wahitimu, hatusemi soda ni haramu. Mwenye nacho na anunue. Tunasema heshima ya mgeni isipimwe kwa deni. Na ninyi mkiona ofisa anakuja, hata kama ni sisi, msiogope kumwekea kiazi cha shambani kwenu.

Kazi ya nyumbani: wageni ni 30. Je, tutahitaji viazi vingapi, ndizi ngapi na machungwa mangapi? Andikeni hesabu hiyo katika daftari, tutaikagua tukija.