Kutembea Dodoma na Kondoa kwa Fedha Kidogo

Ndugu wasikilizaji, nanyi mtakaosoma somo hili katika vikundi vyenu, leo twazungumza juu ya matembezi. Wengi wetu tukisikia neno utalii twamfikiria mgeni wa Ulaya, kofia pana kichwani, ameketi katika gari la kukodi akienda Serengeti. Sisi wenye mishahara midogo twajitoa katika hesabu. Na hii Kanda ya Kati hata mgeni huyo huipita tu, naye amesinzia ndani ya basi. Shabaha ya somo hili ni kukuonyesha kwamba ukiwa na nauli, fedha ya chumba katika nyumba ya wageni, na miguu mizima, kuna mambo huku yapasayo kuonwa kwa macho yako mwenyewe.

Kwanza safari. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Chukua daraja la kawaida, nawe usafiri mchana, kwa maana atembeaye usiku amelipa nauli ya kuona giza. Karibu na Kilosa treni huingia katika mahandaki ya milima. Ukitoka upande wa pili utaona nchi inabadilika: miti mifupi, ardhi nyekundu, na mibuyu imesimama peke yake. Dodoma iko juu ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti usiku una upepo na baridi, basi usiache sweta nyumbani.

Mjini hutahitaji siku nyingi. Ikiwa Bunge linakutana, na mkutano wa bajeti huanza Aprili hadi Juni, uliza utaratibu wa wageni, uchukue kitambulisho, uvae nguo za heshima, ukaketi katika ukumbi wa wageni uwasikilize wale uliowapigia kura. Msimu wa zabibu ukiwa umefika, panda daladala uende Mpunguzi au Hombolo ununue shambani kwa mkulima mwenyewe. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi za baridi haziliwezi. Mchana kula ugali wa uwele kwa mlenda. Asiyeuzoea mlenda asikunje uso mbele ya mwenyeji!

Sasa tufike Kolo, na hapa nakuomba usikilize kwa makini.

Panda alfajiri basi liendalo Babati au Arusha. Baada ya kilometa 180 hivi, ukiisha kuipita Kondoa mjini, mwambie kondakta akushushe Kolo. Hapo pana ofisi ya Mambo ya Kale. Utalipa ada, na ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni wa nchi za nje. Kisha utapewa mtu wa kukuongoza. Kutoka hapo hadi Mongomi wa Kolo ni mwendo wa bodaboda, na mwisho wake ni kupanda mlima kwa miguu. Patana bei kabla hujapanda pikipiki, na maji ya kunywa uwe nayo.

Juu, chini ya miamba iliyoinama kama paa la nyumba, utaona watu waliochorwa kwa rangi nyekundu, warefu, wembamba, nywele zao zimetengenezwa kwa namna ya ajabu. Utaona pia twiga, tembo na pofu. Michoro mingine ni ya rangi nyeupe. Hiyo yadhaniwa kuwa kazi ya wakulima waliokuja baadaye. Mama Mary Leakey alifika huku mwaka 1951 akainakili mingi kwa mkono wake. Katika mchoro mmoja mtu wa katikati ameshikwa na wenzake huku na huku. Yeye aliona ni ugomvi wa kumnyang'anya mwanamke. Wataalamu wengine, wakiitazama ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambao wanaishi jirani mpaka leo, wasema hao wanacheza, na mmoja amepandwa. Tazama wewe, uamue.

Mwaka 2006 UNESCO iliiandika michoro hii katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo inakufa. Jua na mvua huila kidogo kidogo, lakini binadamu ana haraka zaidi. Wako wageni waliomwagia mwamba maji ili rangi ing'ae wapate picha nzuri. Wako waliochimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu wanayosema Wajerumani waliificha. Kwa hiyo usiguse, usimwage maji, usiandike jina lako. Na ukikuta mabaki ya tambiko, yaache yalivyo. Wenyeji bado hupanda hapa kuomba mvua na afya, nawe umeingia mahali pao pa ibada.

Usiku lala Kondoa mjini, kwani kungoja basi Kolo jioni si jambo la kulitegemea.

Ukirudi Dodoma, uliza habari za Chamwino, ambako kila mwaka hufanyika tamasha la muziki wa Wagogo. Huko utasikia zeze na marimba, vyombo alivyovipeleka marehemu Hukwe Zawose duniani kote, na utawaona akina mama wakipiga muheme, ngoma zimebanwa katikati ya magoti. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mwenye siku za ziada aende Singida, mji uliokaa kando ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Au Kongwa, palipoanguka mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947, na baadaye wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakaweka kambi.

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo: kila kundi liandike hesabu ya safari ya siku tatu kutoka kwenu hadi Kolo. Wekeni nauli, malazi, chakula, ada na bodaboda, kila kimoja katika mstari wake. Kisha gawanyeni jumla kwa miezi sita, mwone ni shilingi ngapi mtu aweke kando kila mwezi.