Kuwalinda Kuku Wanaotembea Shambani

(Maneno yaliyosemwa na mfugaji mmoja mbele ya mkutano wa wakulima, Ukambani)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya adui za kuku, nami naanza kwa kukiri kosa langu. Usiku mmoja nilipoteza kuku 11. Asubuhi niliwakuta wameumwa shingoni, na wawili tu ndio walioliwa. Siku zote nilikuwa nikimlaumu mwewe, kumbe mwewe hawindi usiku. Aliyeingia alikuwa kanu, naye alipita katika tundu nililoliona na kulidharau. Fedha za mayai ya kuku wale zilikuwa karo ya binti yangu.

Kwa hiyo, kabla ya kujenga, jueni mnajenga kumzuia nani. Kifaranga akitoweka mchana pasipo damu, tazameni juu. Maganda ya mayai yakionekana karibu na jiwe, huenda ni nguchiro, kwa maana yeye hulishika yai kwa miguu ya mbele na kulirusha nyuma, kati ya miguu yake, mpaka livunjike.

Kuku wazima na watembee mchana, bali usiku hawana budi kulala ndani. Wavu wa kuku tuuzoeao humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii mnyama mwembamba asiingie. Tafuteni wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.5, mkaufukie chini sentimita 30, ili mnyama achimbaye akutane nao. Nyumba iliyoinuliwa juu ya miguu ni bora zaidi. Na miguu hiyo ikisimama katika makopo yenye oili chafu ya motokaa, siafu watashindwa kupanda. Msiwadharau siafu! Wakimkuta kuku anayeatamia humwua juu ya mayai yake.

Vifaranga wafunikwe kwa tenga mwezi wote wa kwanza, hata kama mama yao ni mkali.

Najua wengine wataniuliza habari za sumu. Jirani yangu alitega nyama yenye sumu, akamwua mbwa wake mwenyewe, mlinzi wake wa pekee, na kanu akaendelea kuja. Sumu hiyo huwaua pia tai wanaokula mizoga.

Ye yote atakaye kuitazama nyumba yangu ya kuku, na aje. Lakini aje mapema, maana jua likichwa naufunga mlango mimi mwenyewe. Kazi hiyo siwaachii watoto tena.