Samadi, Kisima na Jirani
Mada kwa viongozi wa walei kuhusu haki katika ufugaji mkubwa, Bagamoyo na mwambao wake



Huenda wapo miongoni mwetu wanaoshangaa kwamba Tume ya Haki na Amani imechagua kuzungumzia kinyesi cha mifugo. Jambo hilo laihusuje Injili? Twajibu kwamba kila mali izaayo faida huacha pia taka, na kila penye taka pana swali: mzigo huu ataubeba nani? Swali hilo ni la haki kabla halijawa la afya. Lisipojibiwa mapema, hugeuka kuwa la amani, maana majirani waliokunywa kisima kimoja huanza kutazamana kwa chuki.

Kuanzia Bunju, kupita Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, na kutoka hapo kuelekea Makurunge, Fukayosi na Kiwangwa, mashamba ya mifugo na makazi ya watu yanazidi kusogeleana. Jiji la Dar es Salaam lapanuka kuelekea kaskazini, nalo lahitaji mayai, nyama na maziwa. Mabanda yaliyojengwa porini hujikuta yamezungukwa na nyumba, na mengine hujengwa pale ambapo nyumba zilitangulia. Hatukuja kuupiga vita ufugaji, kwani wengi wetu twala na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Twataka kuona ni wapi kazi halali humdhuru jirani, na yatupasa kufanya nini.

1. Samadi hugeuka lini kuwa madhara

Samadi ni chakula cha udongo. Mkulima wa nanasi wa Kiwangwa ajua thamani yake, na mwenye bustani ya mchicha humlipa mfugaji ili aipate. Ubaya haumo katika samadi yenyewe, bali katika wingi wake mahali pamoja.

Tufanye hesabu. Ng'ombe hutoa kwa siku kinyesi na mkojo wa takriban asilimia 5 hadi 8 ya uzito wa mwili wake. Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 hutoa basi kilo 12 hadi 20. Wakilazwa ng'ombe 500 katika zizi moja, kila kunapokucha pana tani 6 hadi 10 za kuondoa. Kuku mmoja wa mayai hutoa yapata gramu 100. Kuku 10,000 hutoa tani moja kwa siku, masika na kiangazi, Jumapili na sikukuu. Shamba dogo la jirani haliwezi kupokea kiasi hicho. Kisichopokewa na mimea hutafuta njia nyingine, nayo ni ya chini majini au ya juu hewani.

Mwambao wetu unao ushahidi wa jinsi alama hiyo inavyodumu. Kaskazini mwa Bagamoyo, Ranchi ya Mkwaja ilifuga ng'ombe kwa maelfu tangu miaka ya 1950 hadi ilipofungwa mwaka 2000, na eneo lake likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Watafiti waliochunguza ardhi hiyo baada ya ng'ombe kuondoka walikuta kwamba mahali mifugo ilipokuwa ikilazwa usiku palikuwa na rutuba nyingi na majani tofauti na mbuga iliyopazunguka. Ng'ombe walikula huku na huko, wakaacha mbolea pamoja. Porini, jambo hilo huota majani. Kando ya kisima, matokeo ni mengine.

2. Njia ya maji

Ardhi yetu ya pwani kwa sehemu kubwa ni mchanga, na penginepo ni mawe ya matumbawe yenye nyufa. Maji ya mvua hupenya upesi, na visima vyetu vingi ni vifupi. Kila kinacholala juu ya ardhi kwa wingi hushuka pamoja na mvua, nacho huleta madhara ya namna mbili.

Kwanza ni vijidudu viletavyo kuhara. Hivyo hufa maji yakichemshwa vizuri, na vingi vyake hufa pia yakitiwa dawa ya klorini kwa kipimo sahihi.

Pili ni nitrati, ambayo hutokana na naitrojeni iliyomo katika samadi. Nitrati haina rangi, haina harufu, na haionjeki. Tena, wapendwa, haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani kwa kuchemshwa muda mrefu, nitrati huzidi ukali. Na dawa ya klorini haiigusi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji yaliyozidi kikomo hicho yumo hatarini, kwa kuwa damu yake hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo, na ngozi yake hugeuka rangi ya buluu. Mama aliyechemsha maji kwa uangalifu hawezi kujua kwamba bado hayafai.

Zaidi ya visima upo mto Ruvu, ambao hutoka milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huchota humo maji yanywewayo na sehemu kubwa ya Dar es Salaam na miji iliyo njiani. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto huo ulipopungua kwa ukame, jiji lilipata maji kwa mgao. Mto uliopungua hauna nguvu ya kuzimua uchafu. Kiasi kile kile cha samadi huwa kikali zaidi. Na kinachopita mitambo huishia mlangoni mwa bahari, kwenye mikoko, kamba na samaki. Mbolea ikizidi majini, mimea midogo huota kupita kiasi, kisha hufa na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni ambayo samaki wangeivuta.

Wasomaji wa magazeti watakumbuka habari za Walkerton, mji mdogo wa mkoa wa Ontario nchini Kanada. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa iliingiza vimelea vya samadi ya ng'ombe katika kisima kifupi cha mji huo, kilichochota maji katika miamba yenye nyufa. Watu 7 walifariki, na zaidi ya 2,300 waliugua. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor iligundua kwamba mfugaji jirani hakuwa ametenda kosa. Alitandaza samadi kwa utaratibu uliokubalika. Kisima kilikuwa mahali pasipofaa, na waliokabidhiwa kupima klorini hawakuipima, wakaandika tarakimu za uongo. Hapa twajifunza kwamba kifo chaweza kuja bila mfugaji kuwa mtu mbaya. Yatosha kila mmoja adhani kwamba mwenzake anaangalia.

3. Njia ya hewa

Samadi mbichi iliyorundikana hutoa amonia, iwashayo macho, koo na mapafu. Wanaoumia kwanza ni vijana walioajiriwa kufagia mabanda ya kuku bila kitambaa puani. Samadi iliyolowa na kukosa hewa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hii ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani hatari imekwisha. Katika nchi mbalimbali wafanyakazi wamekufa ndani ya mashimo ya samadi, wa pili akifuata kumwokoa wa kwanza. Mtu yeyote asiingie katika shimo la namna hiyo peke yake, wala kwa haraka ya huruma.

Kwa jirani, harufu hufuata upepo. Wakati wa kaskazi huenda upande mmoja, wakati wa kusi upande mwingine. Kamati inayotembelea shamba mara moja kwa mwaka yaweza kurudi na kusema hapana tatizo, kumbe imefika katika nusu ya mwaka ambayo wenye kuumia ni wengine.

4. Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, awakemea kondoo wanono ambao, baada ya kunywa maji safi, huyachafua yaliyosalia kwa miguu yao, na wenzao hulazimika kunywa kilichokanyagwa. Nabii hakuwakataza kunywa. Alikataza kushiba kunakomwachia mwingine tope. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aliyechimba shimo akaliacha wazi hulipa gharama ya mnyama atakayetumbukia. Hasemi tu kwamba hakukusudia.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya binadamu, maana bila hayo haki nyingine hazina mahali pa kusimama. Wahenga wetu nao walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika jambo hili mambo yamepinduka: mchuma faida hula na wa kwake, na janga laliwa na majirani. Mwenye shamba kubwa aweza kununua maji ya chupa au kuchimba kisima kirefu. Mwenye ndoo hana pengine pa kwenda.

5. Sheria na fundisho la Kunduchi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 yatambua haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na yampa nafasi ya kudai haki hiyo kisheria. Kifungu cha 57 chakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 nayo yataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kabla halmashauri ya kijiji haijagawa ardhi. Hapo ndipo pa kuuliza samadi itakwenda wapi, kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Tena mwambao huu unao mfano wake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kupinga jalala lililowafukiza moshi na uvundo, nao wakashinda. Jiji lilipozuiwa huko, lilipeleka taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa hapo, Festo Balegele na mamia ya wenzake, wakafungua kesi yao, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumwaga taka jirani na makazi kulihatarisha uhai wa watu, kinyume cha ibara ya 14 ya Katiba. Taka zile hazikuwa samadi, lakini hoja ni ile ile: haki ya kuishi ni pamoja na haki ya kuvuta hewa isiyoua.

Hata hivyo tusiifurahie habari hii upande mmoja tu. Ushindi wa Tabata ukawa mzigo wa Kunduchi. Na baada ya Kunduchi, taka zilihamia Vingunguti. Kumfukuza mfugaji kutoka mtaa wenye wasomi ili akajenge katika kijiji kisicho na msemaji siyo haki. Ni kumhamisha aumiaye.

6. Yatupasayo kutenda

Tupime kabla ya kunena. Vyoo vya shimo vilivyo karibu na visima navyo huleta vijidudu na nitrati ile ile. Sampuli ichukuliwe katika kisima kilicho chini ya shamba na katika kingine kilicho mbali nalo, kiangazi na baada ya masika, ipelekwe maabara ya maji, na matokeo yasomwe hadharani. Tusimsingizie mtu, wala tusiwageuze wafugaji wa kabila fulani kuwa kisingizio cha kila kisima kichafu.

Tuzungumze na mwenye shamba kabla ya kumshtaki. Tumwombe ahifadhi samadi juu ya sakafu ngumu na chini ya paa, mbali na visima, na asiitandaze mashambani mvua kubwa zinapokaribia. Tumsaidie kupata wanunuzi, kwani anayeiona kuwa taka na anayeihitaji hukaa mwendo mfupi. Akijenga mtambo wa bayogesi tumpongeze, lakini tukumbuke kwamba mtambo hutoa gesi ya kupikia, na naitrojeni hubaki katika tope litokalo. Nalo lahitaji shamba la kulipokea.

Asiposikia, tupeleke jambo kwa kamati ya mazingira ya kijiji au mtaa, kwa ofisa mazingira wa halmashauri, na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ikiwa mto waguswa. Tuandike barua zenye tarehe, tutunze nakala. Na miongoni mwetu wenye mabanda, waamini wenzetu na taasisi zetu za Kanisa zinazofuga, waanze wao. Hatuwezi kudai kwa wengine kipimo ambacho hatujakubali kupimwa nacho.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika eneo letu, nani hunywa maji ya kisima kifupi, na ni nini kilicho umbali wa mita 60 kutoka hapo?
2. Je, jumuiya yetu au parokia yetu inafuga? Samadi yake huenda wapi wakati wa masika?
3. Ni nani katika eneo letu anayeumia bila kuwa na wa kumsemea mkutanoni, na nani kati yetu atakwenda pamoja naye?