Upele Hauponi kwa Mtu Mmoja

Leo twapenda kusema nanyi habari za upele.

Sisi walimu twaujua vema: mtoto asinzia darasani, maana usiku kucha amejikuna katikati ya vidole, vifundoni mwa mikono na kiunoni. Wako wasemao ni damu chafu. Sivyo. Upele waletwa na mdudu mdogo mno, asiyefika nusu ya milimita. Jike lake huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo.

Mdudu huyu huhama watu wakigusana kwa muda, kama watoto walalao kitanda kimoja. Na hila yake ni hii: aliyeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa majuma 4 hata 6 asiwashwe, naye huku awaambukiza wenziwe. Basi ukimpaka dawa mtoto mmoja tu, atarudishiwa upele na nduguye aonekanaye mzima.

Kwa hiyo nendeni zahanati mkapewe dawa, mkajipake watu wote wa nyumba siku moja, kama mtakavyoagizwa, na kuirudia siku mtakayoambiwa. Siku hiyo hiyo nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mwasho waweza kuendelea majuma machache baada ya dawa, msihofu.

Wala msiudharau upele. Vidonda vya kujikuna huingiwa na vijidudu, na madhara yake huweza kufika hata kwenye mafigo ya mtoto.